Namba ya simu ya dharura

Wiki iliyopita nililetewa kazini jedwali la safu nane, pamoja na agizo la kulijaza kabla ya Ijumaa. Idara inayoshughulikia vihatarishi imeamua, na kwa hilo sina ugomvi nayo, kwamba ni lazima ijulikane programu zetu zimejengwa juu ya nini. Safu ya kwanza inataka jina la maktaba, yaani kifurushi cha msimbo ulioandikwa tayari, ya pili toleo lake, ya tatu leseni yake, na ya nne inauliza imetumika wapi. Hadi hapo mambo ni shwari. Safu ya tano inataka jina la msambazaji, ya sita namba yake ya simu ya dharura inayopokelewa saa 24, na ya saba muda ambao msambazaji huyo ameahidi kutushughulikia mfumo unapokwama. Safu ya nane ni ya maoni, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa kuwa kisanduku chake hakipokei zaidi ya herufi 200.

Mradi wenyewe ni mdogo: hupokea nyaraka, huzihakiki na kuzipanga. Sisi tulichagua maktaba 14 tu. Tatizo ni kwamba kila maktaba huja na jamaa zake, na jamaa hao nao huja na jamaa zao, hivyo nilipoiamuru kompyuta inihesabie ukoo mzima ikanirudishia 611. Nikaanza na mstari wa kwanza, maktaba ya kusoma tarehe yenye faili tatu. Msambazaji wake ni mtu mmoja aliyejieleza kwa sentensi mbili kwenye ukurasa wa mradi: kwamba aliiandika kwa ajili ya shida yake mwenyewe, na kwamba huipitia siku za mapumziko akipata nafasi. Huyo ndiye ninayetakiwa kumwamsha saa tisa usiku.

Neno lenyewe, msambazaji, ndilo linaloniudhi. Msambazaji ni mtu uliyepatana naye bei, ukamlipa, na akikuangusha unajua pa kumshika. Huyu hatukupatana naye chochote. Leseni yake, ambayo tuliipokea bila kuisoma kama kila mtu anavyofanya, inasema kwa herufi kubwa kwamba programu imetolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Tumeokota kitu kilichowekwa barazani kwa ajili ya wapita njia, tukakichomeka kwenye msingi wa nyumba yetu, kisha tunamtafuta aliyekiweka ili atuambie atafika baada ya dakika ngapi ukuta ukipata ufa.

Mchezo huu haukuanzia kwetu. Desemba 2021 hitilafu ya Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za programu, ilipotangazwa na kila mwenye seva akakesha, waliokuwa wakiandika viraka, yaani marekebisho ya msimbo, walikuwa watu wa kujitolea. Mwezi uliofuata Daniel Stenberg, anayeitunza curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, tangu miaka ya 1990, alipokea barua pepe ya kampuni kubwa ikimtaka ajibu, ndani ya saa 24, msururu wa maswali kuhusu Log4j na bidhaa yake. curl imeandikwa kwa lugha ya C; Log4j ni ya Java, na hazina udugu hata wa mbali. Aliwajibu kwa upole kwamba atafurahi kueleza kila kitu mara tu mkataba wa huduma utakapotiwa saini. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi na bado halijanichosha.

Lakini kisa ambacho ningependa kila mtunga majedwali akisome ni kile cha xz, tena si kwa namna kilivyosimuliwa kwenye habari. Habari zilipenda sehemu yake ya mwisho, na kweli ni tamu. Machi 2024 Andres Freund, mtaalamu wa hifadhidata ya PostgreSQL aliyeajiriwa na Microsoft, alikuwa akipima kasi ya jambo jingine kabisa alipoona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH, hata pale ambapo mtu hukataliwa, kulikuwa kukila nguvu za kompyuta kuliko kawaida, na kwamba kilichokuwa kikichukua takriban sekunde 0.3 sasa kilichukua 0.8. Mwingine angeulaumu mtandao akaendelea na shughuli zake. Yeye aliifuatilia nusu sekunde hiyo mpaka ndani ya xz, maktaba ya kubana faili, akakuta katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 mlango wa siri uliofichwa ndani ya faili za majaribio, na tarehe 29 Machi akautangaza kabla haujaenea kwenye matoleo thabiti ya mifumo mikubwa ya Linux.

Mimi iliyoninyima usingizi ni sehemu ya mwanzo. xz ilikuwa imetunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 watu wenye majina yasiyojulikana kwingineko walianza kumwandikia hadharani wakilalamika kwamba viraka vinachelewa, kwamba mradi umelala, na kwa nini asimpe mtu mwingine usukani. Aliwajibu kwamba uwezo wake umepungua, hasa kwa sababu ya matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akawakumbusha kwamba kazi ile anaifanya kwa kupenda tu, halipwi. Wakazidi kumbana. Na hapo pembeni alikuwapo msaidizi mwenye adabu na bidii, aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa akileta viraka tangu 2021. Hatimaye akakabidhiwa funguo, na matoleo yale mawili yalitoka mikononi mwake.

Someni tena yale malalamiko, kwa taratibu. Silaha ya kwanza iliyotumika katika shambulio lile ilikuwa kero ya mteja asiyelipa. Msimbo wa hila ulikuja baadaye sana. Ni lugha ileile ya "hili lina mwezi sasa, kuna mtu humu?" inayopatikana katika karibu kila mradi huria, yaani wenye msimbo ulio wazi kwa wote, niliowahi kuufungua. Waliopanga njama hawakulazimika kubuni chochote, kwani walitutazama sisi tunavyoandika kila siku, wakatuiga. Na walifaulu kwa sababu Collin hakuwa na njia ya kumtofautisha mtu aliyetumwa kumchosha na mtu wa kawaida mwenye haraka zake, maana wote wawili huandika vilevile, kwa kiburi kilekile, na hakuna kati yao anayesalimia.

Ninayasema haya nikiwa na mikono michafu. Miaka kadhaa iliyopita, maktaba moja ya kutengeneza faili za PDF ilikuwa ikimeza mstari wa mwisho wa kila jedwali lililovuka ukurasa. Nilimwandikia mtunzaji wake, na maneno yangu yangali pale pamoja na tarehe yake, kwa yeyote anayetaka kuyaona: "Hili limekwamisha uzinduzi wetu. Ni aibu kwamba jambo la msingi kiasi hiki halijarekebishwa. Litarekebishwa lini?" Sikuambatisha hata faili moja la mfano. Baada ya siku nne alinijibu akiomba radhi kwa kuchelewa, akisema alikuwa hospitalini na mwanawe, na chini ya maneno hayo alikuwa ameweka rekebisho la mistari sita pamoja na jaribio lake. Nikapakua, nikasasisha, uzinduzi ukafanyika, nikapongezwa kikaoni. Sikurudi hata kuandika asante. Shukrani ya punda ni mateke, na katika kisa hiki punda ana shahada ya sayansi ya kompyuta.

Kuna watakaosema basi walipwe, yaishe. Sawa, walipwe. Aprili 2014, hitilafu ya Heartbleed ilipofichuliwa ndani ya OpenSSL, maktaba iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri kwenye intaneti, ilibainika kwamba mradi ule ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka na ulikuwa na mtu mmoja tu anayeufanyia kazi muda wote. Makampuni yakashtuka, fedha zikachangwa, OpenSSL ikapata nguvu, na kila mtu akarudi usingizini hadi Log4j ilipomwamsha. Ujerumani angalau ilianzisha mwaka 2022 mfuko unaotumia fedha za umma kulipia kazi ya aina hii, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya usalama wa bidhaa za kidijitali, ambayo masharti yake makuu yataanza kubana Desemba 2027, inamtwika mzigo anayeuza bidhaa badala ya aliyegawa msimbo bila kuuza. Huo ni mwelekeo mzuri. Hofu yangu ni kwamba kila kampuni itaitikia kwa kutuma majedwali mengi zaidi kwa watu walewale.

Tena lazima nikiri, ingawa si kwa moyo mkunjufu, kwamba mshahara peke yake hauzuii maafa. Tarehe 19 Julai 2024 lililoangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, ni sasisho la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa mtandao yenye wafanyakazi wa kulipwa na mikataba ya kila aina. Nakiri pia kwamba maktaba nyingine hatukuwa na haja nazo tangu mwanzo. left-pad ilikuwa na mistari 11 ya kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno, na mwenyewe alipoiondoa Machi 2016 miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa. Katika 611 zangu nimekwisha kuona zaidi ya 30 za namna hiyo, ambazo ningeziandika mwenyewe kwa muda uleule ninaoutumia kusoma maelezo yake. Ama wale wanaosema akili mnemba itatuandikia kila kitu tuachane na maktaba za watu, wamuulize Stenberg kuhusu ripoti za uongo za usalama zinazotungwa na mashine hizo, ambazo naye hulazimika kuzisoma moja baada ya nyingine.

Ninachokitaka mimi ni kidogo, na kitawaudhi wakubwa kuliko kuombwa fedha, kwa sababu fedha hutolewa mara moja ikasahaulika. Nataka muda. Kampuni iliyojenga huduma yake juu ya maktaba ya mtu imtoe mtayarishaji programu wake mmoja, siku moja kila wiki mbili, akakae kwenye mradi ule: asome viraka vya wageni, aandike majaribio, ajibu maswali yaliyokwisha kujibiwa mara kumi, afanye zile kazi ambazo hakuna anayeziandika kwenye wasifu wake. Mtu wa namna hiyo, mwenye mwajiri anayejulikana na asiye na haraka ya kupewa funguo, ndiye aliyekosekana karibu na Collin mwaka 2022. Kama angekuwapo, Jia Tan angekuwa msaidizi mmoja kati ya wawili, na kungekuwa na jicho la pili juu ya faili zile za majaribio ambazo hakuna aliyeuliza zilikuwa zikijaribu nini.

Nililipeleka pendekezo hili kwa meneja wangu, naye aliniuliza, kwa haki kabisa, siku hiyo itaandikwa kwenye fungu gani la bajeti. Nilimjibu kwamba iandikwe palepale palipoandikwa siku tatu nilizozitumia kujaza jedwali. Akacheka, na mpaka sasa sijui kicheko kile kilikuwa ndiyo au hapana.

Jedwali nililirudisha Alhamisi jioni. Katika mistari 574 safu ya tano inasema "hakuna msambazaji". Katika mistari hiyohiyo, safu ya sita ina namba yangu mimi, na safu ya saba inasema dakika 30, kwa kuwa maktaba ikituharibikia saa tisa usiku mwenye wajibu wa kuamka ni aliyeichagua. Ijumaa asubuhi lilirudi, seli 573 zikiwa nyekundu, pamoja na ujumbe kwamba mfumo hauruhusu namba moja ya simu kutumika zaidi ya mara moja.