Gari Lako Litalala Wapi?

Kila mtu anaponiuliza anunue gari la umeme, la haibridi (lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) au la petroli, mimi humrudishia swali: gari litakuwa linalala wapi? Wengi hushangaa. Walidhani nitawauliza bajeti yao, au wana familia ya watu wangapi. Lakini katika miaka niliyofuatilia jambo hili, sijaona kitu kinacholeta furaha au majuto kwa mwenye gari kama pale linapoegeshwa usiku.

Gari la petroli hujazwa kwa dakika chache, likaondoka. Gari la umeme hujazwa polepole, na wakati wake mzuri ni huo ambao mwenyewe yuko kitandani. Chukua soketi ya kawaida ya ukutani inayotoa kilowati 2. Kwa saa kumi gari limepata karibu kilowati-saa 20, yaani yuniti 20 za umeme, na magari mengi madogo ya umeme hutumia kilowati-saa 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Watu wengi hawafikishi kilomita hizo kwa siku, kwenda na kurudi. Mwenye soketi mahali gari linapolala, na umeme usiomsumbua, namwambia bila kusita achukue la umeme.

Simwambii hivyo kwa ajili ya moshi peke yake, ingawa lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Kinachoniuma zaidi ni upotevu. Katika uendeshaji wa kawaida, sehemu kubwa ya nishati iliyomo kwenye petroli haifiki kwenye magurudumu kabisa. Inaishia kuwa joto, linalotokea kwenye rejeta na ekzosi. Umelipia mafuta, na mengi yake yamepasha hewa joto. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana, na ukipunguza mwendo inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Ndiyo maana pedi za breki za magari haya hudumu. Oili ya injini haipo, plagi hazipo.

Sasa mwangalie anayeishi ghorofani na kuegesha kando ya barabara. Kumshawishi huyo anunue gari la umeme kwa kuwa ndilo la kisasa ni kumwonea. Atategemea vituo vya kuchaji haraka, na huko betri ikikaribia asilimia 80 kasi hushuka sana ili seli zisiumie. Kila wiki atakuwa anapanga ratiba yake kuizunguka chaja. Huyu gari lake ni haibridi.

Toyota ilianza kuuza Prius, gari lake la haibridi, huko Japani Desemba 1997, kwa hiyo mafundi wameshaishi na teknolojia hii zaidi ya robo karne. Haibridi ya kawaida haichomekwi popote. Betri yake hujazwa na injini pamoja na breki. Faida yake utaiona kwenye foleni za mjini, pale injini inapozima na mota kulisogeza gari taratibu. Kwenye barabara kuu, mwendo ule ule saa nzima, faida hiyo hupungua, na dereva wa safari ndefu ni vyema alijue hilo mapema. Halafu kuna jambo dogo ambalo wauzaji hawalitaji: haibridi nyingi hupoza betri kwa hewa ya ndani ya gari, kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Watu hulifunika kwa mizigo, vumbi likaziba chujio, betri ikachemka mpaka ikafa. Kisha tunasikia haibridi ni mbovu. Tafadhali, safisheni chujio hilo.

Haibridi ya kuchomeka, ile yenye betri kubwa zaidi inayochajiwa kwenye soketi, ninaiogopa kidogo. Rafiki yangu alinunua moja akiwa hana pa kuichaji. Mpaka leo anatembea na betri kubwa na nzito inayosukumwa na petroli, na matumizi yake ya mafuta yamemvunja moyo. Gari lile ni zuri kwa mtu mwenye nidhamu ya kulichomeka kila jioni.

Petroli siidharau. Penye umeme wa kukatika ovyo, au kwa anayevuta trela mbali na miji, bado ndiyo inayomfikisha.

Ukinunua gari la umeme lililotumika, usidanganywe na kilomita chache. Omba lipimwe afya ya betri, uone asilimia imebaki ngapi. Uliza pia betri inapozwaje. Nissan Leaf, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2010, haikuwekewa mfumo wa kupoza betri kwa maji, na zile za mwanzo zilizoishi kwenye joto kali zilichoka mapema. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000. Hesabu mwenyewe imebaki miaka mingapi kabla hujatoa pesa.

Mimi ninaendesha haibridi, maana ninapoegesha hakuna soketi. Nimeshamwomba mwenye nyumba aniruhusu kuvuta waya mpaka uani, kwa gharama yangu. Akikubali, gari langu linalofuata litakuwa la umeme.