Kwaresima siku 40 tunaziweza, Pasaka siku 50 zinatushinda

Jumatatu ya Pasaka ikipita, parokia nyingi hushusha pumzi. Kwaya inapewa mapumziko, darasa la wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, linafungwa, Ijumaa hakuna tena Njia ya Msalaba, na maua ya altare yananyauka bila mtu wa kuyabadilisha. Anayekumbusha kwamba Pasaka ina wiki saba huonekana mpenda rubrika, yaani maagizo ya ibada, mtu wa vitabu asiyejua wenzake walivyochoka.

Uchovu huo si wa kubeza. Paroko ametoka kwenye kitubio cha foleni ndefu akaingia Juma Kuu. Waimbaji wamefanya mazoezi tangu Kwaresima ianze. Na iko hoja nzito zaidi: Kwaresima ina kazi za kushika mkononi. Unafunga, unatoa sadaka, unafuata vituo 14. Pasaka unaambiwa ufurahi, na furaha haiamrishwi. Mei nayo inaingia na rozari zake, na mahali pengi ndicho kipindi cha Komunyo ya Kwanza. Kwa nini tumwongezee mtu mzigo?

Lakini tuhesabu kidogo. Kanuni za kalenda ya liturujia, yaani ibada za Kanisa, zilizotolewa 1969 zinataka siku zote 50, kuanzia Dominika ya Ufufuko hadi Pentekoste, ziadhimishwe kama sikukuu moja, naam, kama Dominika moja kuu. Siku 50 ndani ya 365 ni karibu sehemu ya saba ya mwaka, kama Dominika ilivyo sehemu ya saba ya juma. Sijui kama kila muumini amewahi kuipiga hesabu hiyo; mimi kila nikiirudia hainiachi. Parokia inayoifunga Pasaka Jumatatu inauishi mwaka mzima kama juma lisilo na Dominika. Na zile 40 zilikuwa maandalizi ya hizi 50: tumeshona nguo ya harusi kwa majuma sita, tukaivua mlangoni.

Wala si mambo ya wanaliturujia wa jana. Mtaguso wa Nisea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ulitaka waumini wasali wakiwa wamesimama katika siku zote hizo, bila kupiga magoti. Mageuzi ya 1969 yaligusa hata majina: zilizokuwa Dominika “baada ya Pasaka” zikaitwa Dominika “za Pasaka”. Neno “baada” lilifutwa vitabuni. Kwenye ratiba za parokia bado linatawala.

Wanaoumia zaidi ni wabatizwa wapya. Ibada ya kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, iliyotolewa 1972, haiishii kwenye kisima cha ubatizo. Inawapa kipindi cha Pasaka chote kiwe cha mistagogia, yaani kufafanuliwa mafumbo waliyokwisha kuyapokea, na inataka wawe na mahali pao maalumu kanisani katika Misa za Dominika hizo. Ambrosi, askofu wa Milano, karne ya 4, aliona kuwaeleza sakramenti kabla ya kuzipokea ni kuzisaliti kuliko kuzifundisha. Sisi tunafundisha miezi kadhaa kabla, kisha siku mtu anapokuwa na maswali ya kweli, darasa limefungwa na katekista yuko likizo. Halafu tunalalamika kwamba hawaonekani.

Hoja ya uchovu, basi, ninaipokea nusu. Ni kweli nguvu haziongezeki kwa sababu kitabu kimesema. Ila zinaweza kugawanywa upya: baadhi ya semina za Kwaresima zipunguzwe, katekista abaki na watu wake kwa Dominika chache baada ya Misa, kunyunyiza maji kuchukue nafasi ya tendo la toba. Mshumaa wa Pasaka tayari unawaka hadi Pentekoste, na masomo ya kwanza tayari yanatoka Matendo ya Mitume, habari za watu waliobatizwa majuzi na hawajui pa kuanzia. Hapo hakuna mchango wala kamati mpya.

Injili ya Dominika ya Pili ya Pasaka ni ile ile kila mwaka: Tomaso, aliyekosekana jioni ya kwanza, yumo ndani na wenzake siku nane baadaye. Mbatizwa mpya ataisikia akiwa na juma moja tu tangu atoke majini. Swali ni kama aliyemshika mkono usiku wa Mkesha wa Pasaka, alipobatizwa, atakuwepo kanisani siku hiyo.