Kupandisha Toleo la Python Bila Kuvunja Vifurushi

Wengi wanaoendesha mifumo ya kompyuta ya biashara ndogo mjini Kigoma, kama ya kurekodi mizigo ya dagaa Kibirizi au vitabu vya vikundi vya kuweka na kukopa, huona wamemaliza kupandisha toleo la Python, lugha ya kuandikia programu, mara tu mashine inapoonyesha namba mpya. Sikubaliani nao. Lugha ni sehemu ndogo ya kinachobadilika. Sehemu kubwa ni vifurushi vinavyoitegemea, yaani msimbo ulioandaliwa na wengine ambao programu huutumia, na kuvijenga upya ndiyo kazi inayopaswa kutengewa muda, fedha na bando.

Kila toleo lina folda yake ya vifurushi, kwa hiyo kilichosakinishwa chini ya Python 3.11 hakionekani kwa 3.13 hata kama bado kipo kwenye diski. Wapo mafundi wanaonakili folda ya zamani na kuiweka ndani ya mpya. Vifurushi vilivyoandikwa kwa Python pekee huenda vikafanya kazi, lakini vile vyenye vipande vilivyokompailiwa kutoka lugha ya C (yaani vilivyogeuzwa kuwa lugha ya mashine) kwa kawaida hukataa, kwa kuwa vipande hivyo viliundwa kulingana na muundo wa ndani wa toleo moja. Tangu Python 3.2 ya mwaka 2011 ipo njia ya kukompaili kipande mara moja kikatumika katika matoleo mengi, ila ni lazima watunzaji wa kifurushi wawe wameichagua. Mpangilio wa kujenga nao una uzito wake. NumPy 2.0, toleo la kifurushi cha hesabu za namba, ilipotoka Juni 2024, vifurushi vilivyokompailiwa kwa NumPy ya mfululizo wa 1 vilishindwa kufanya kazi nayo hata pale ambapo Python yenyewe haikuguswa. Kinachotegemewa hujengwa kwanza, kinachokitegemea hufuata.

Anayetoka Debian 12 kwenda Debian 13, matoleo ya mfumo endeshi wa Linux, huvuka kutoka 3.11 hadi 3.13 kwa mkupuo mmoja. Katikati yake 3.12 iliondoa distutils, ambayo vifurushi vingi vya zamani viliitumia kujisakinisha, na 3.13 ikaondoa moduli 19 za maktaba ya msingi, cgi ikiwa mojawapo. Hapo kujenga upya hakutoshi: msimbo wenyewe hurekebishwa, au kifurushi hubadilishwa. Tangu Debian 12, pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, hukataa kusakinisha chochote katika Python ya mfumo endeshi. Ushauri wa kulivunja katazo hilo kwa nguvu unasambaa sana, nami naupinga kabisa, maana Python hiyo ni ya mfumo endeshi na zana zake huitegemea. Kila programu ipewe mazingira yake pepe, yaani folda yake ya vifurushi isiyogusa Python ya mfumo endeshi.

Kwetu intaneti ni ghali na wakati mwingine ni dhaifu, na pip isipopata kifurushi kilichokompailiwa tayari kwa prosesa husika hupakua msimbo chanzi na kujaribu kuukompaili papo hapo, kazi ambayo kompyuta ndogo isiyo na kompaila haiiwezi. Kwa hiyo nashauri ichaguliwe mashine moja yenye mfumo endeshi na aina ya prosesa sawa na nyingine, vifurushi vyote vijengwe humo vikiwa na namba kamili za matoleo, kisha vihifadhiwe kwenye folda moja na kusakinishwa kwingine bila intaneti.

Kuahirisha miaka mingi si suluhisho. Python 2 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, zaidi ya miaka 11 baada ya Python 3.0 kutoka, na waliosubiri walilazimika kubadili kila kitu kwa pamoja. Sasa toleo jipya hutoka kila Oktoba na kuhudumiwa miaka mitano, muda unaoruhusu kuhama kwa hatua ndogo.

Kwa mifumo ya dagaa, wakati unaofaa ni kipindi cha mbalamwezi, ambapo wavuvi wa taa hupumzika na mizigo hupungua. Mazingira mapya yafanyiwe majaribio kwa nakala ya data halisi, na yale ya zamani yabaki kwenye diski hadi hesabu za mwezi mzima zifungwe kwa toleo jipya.