Mkwe, Gari Lako Linapenda Mlima

Kumbeba mama mkwe kuna adabu zake. Anakaa kiti cha nyuma, redio inazimwa, dereva hageuzi shingo. Nilimchukua Masasi kumrudisha kwake Newala, na gari nililijua ugonjwa wake: Corolla 110 ya miaka ya tisini, injini 5A ya EFI, yaani kompyuta ndiyo inayoipimia petroli. Ukikanyaga mafuta linatafakari kwanza, ndipo linasogea.

Fundi wa Mtwara alishabadilisha plagi, waya za plagi na filta ya mafuta. Akaunganisha TE1 na E1, vitundu viwili vya kupimia kwenye bonyeti, kwa kiwaya, akatazama taa ya injini ikikonyeza: inakonyeza sawasawa, yaani kompyuta haina malalamiko. Basi akaanza kuitolea macho pampu ya mafuta, nikaondoa gari langu.

Hatujatoka Masasi mjini, ekzosi ikatoa mlio. Si mlipuko, hapana. Mlio mfupi, mzito, wa chini. Mlio ambao mtu na mama mkwe wake hawapaswi kuusikia wakiwa wawili kwenye gari lililofungwa vioo. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Nikaibia jicho kwenye kioo cha juu, nikamkuta ananitazama. Akashusha kioo cha dirisha lake polepole, kwa heshima zote, akageukia mikorosho.

Ningesemaje? Kujitetea ni kumshitaki yeye.

Ukaja wa pili.

“Mkwe, jana mlikula nini?”

“Mama, ni gari.”

“Haya, baba.” Kwa sauti ya mtu anayemsitiri mwenzake.

Mungu si Athumani. Mbele ya wauza mihogo ukafoka moshi mweusi, na ekzosi ikapiga PAA! Wateja wakalala chini, bodaboda mmoja akaruka na kuiacha pikipiki iende kichakani peke yake. Barabara nzima mwenye furaha nilikuwa mimi. “Umesikia, mama? Gari!”

Sasa nikawa naogopa mlima. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na ukitokea Masasi unaupanda kweli. Lililoshindwa tambarare litapandaje? Nikakanyaga mpaka mwisho. Likapanda! Halikohoi, halipigi. Tulipofika juu nikalegeza mguu, likaanza tena mambo yake.

“Mkwe,” akasema, “gari lako linapenda mlima. Tambarare linavimbiwa.”

Kwenye gereji bubu Newala nikamwelezea kijana habari za plagi, waya na filta. Akawa anatafuta spana tu. Mama akarudia sentensi yake. Kijana akasimama wima. “Bibi, linavimbiwa tambarare tu?” Akafungua bonyeti, akafuata kimpira chembamba kinachotoka kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa injini, kwenda kwenye sensa ya presha. Kimetafunwa na panya.

Sensa hiyo inapima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi. Ukikanyaga kidogo mvuto ni mkubwa. Ukikanyaga mpaka mwisho unakaribia kwisha. Kimpira kikitoboka inaingia hewa ya nje, kompyuta inadhani umekanyaga kwa nguvu, inamwaga petroli. Isiyoungua inaenda kulipukia kwenye ekzosi. Mlimani nilikuwa nimekanyaga kweli, hivyo kipimo cha uongo kikalingana na mguu wangu. Taa haikusema kitu kwa kuwa sensa yenyewe nzima, waya zake nzima. Inapima kwa uaminifu hewa isiyo yake.

Mama akaviangalia vile vijino kwenye mpira. “Panya wa nyumbani huyu. Wa shamba hana tabia hii.” Kwetu kusini panya wa shamba ni kitoweo, nisingebishana na mtaalamu.

Kijana akavalisha kimpira kipya, akasugua plagi zilizokuwa nyeusi tii, akaomba elfu kumi. Nikampa noti mbili za elfu tano. Mama akanyoosha mkono, akachomoa moja vidoleni mwa kijana, akaifunga kwenye pindo la kanga.

“Wewe umefunga mpira,” akamwambia. “Ugonjwa nimeutaja mimi.”