Rilizi ya Kilo 112

Mlio ulianza asubuhi moja bila taarifa. Nakanyaga klachi: kwii! Naiachia: kimya. Nakanyaga tena: kwii! Usiku huo sikulala, nilikesha nikisoma habari za klachi, na kulipokucha nikaenda kwa fundi nikiwa na majibu yangu kabisa. Mafundi wanawajua wateja wa aina yangu.

"Ni rilizi beringi," nikamwambia hata salamu hazijaisha. Nikamsomesha: mlio ukija ukikanyaga pedali, ni rilizi, ile beringi ya kuachanisha klachi, maana hapo ndipo inapoigandamiza presha pleti, sahani ya klachi inayozunguka na injini. Ukija ukiwa umeachia pedali na gia ikiwa nyutro, kisha ukikanyaga unapotea, hiyo ni beringi ya shafti inayoingia giaboksi, kwa kuwa ukikanyaga shafti inasimama. Fundi akanisikiliza hadi mwisho, anatafuna kijiti.

"Sawa mzee. Tusikilize kwanza injini ikiwa imezimwa?"

Nikacheka. Injini imezimwa, beringi itazungushwa na nani mpaka ilie?

Akaingia yeye, akawasha, akakanyaga mara kumi. Kimya. Nikaingia mimi: kwii! Nikamwambia gari linamjua mwenyewe.

Giaboksi ikashushwa. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi, na nilimulika kila mahali isipokuwa pale alipopataka fundi. Oili ya giaboksi ikanimwagikia kiatuni. Harufu yake, wanaoijua wanaijua. Hatimaye rilizi ikatoka. Fundi akaizungusha kwa kidole, ikazunguka laini, haikutoa hata pumzi.

"Hii nzima, mzee."

"Badilisha."

Klachi pleti nayo ilikuwa nzima. Tukaibadilisha vilevile; giaboksi ishashuka, nani airudie?

Jioni nikakaa kwenye usukani kama bwana harusi, nikawasha, nikakanyaga.

Kwii!

Fundi hakusema neno. Akapitisha mkono dirishani, akachomoa ufunguo. "Kanyaga sasa." Kwii! Injini imelala, beringi mpya imelala, na bado kwii! "Toa mguu kabisa. Egemea kiti kwa nguvu."

Nikaegemea.

Kwii!

Hapa inanibidi niseme kwamba nina kilo 112, na fundi ni mwembamba kama kijiti cha kupimia oili. Pedali ile ni nzito. Kila nikiikanyaga, mgongo unakisukuma kiti nyuma, nacho kinalia kwenye reli yake. Fundi akainama, akadondosha matone mawili ya oili. Kimya.

"Ya matone sikudai," akasema, akanikabidhi rilizi ya zamani imefungwa kwenye gazeti.

Ninayo kabatini sebuleni. Mke wangu akipita huizungusha kwa kidole, huku akiniangalia. Haijawahi kulia hata siku moja.