Shaaban Robert Hakuandika Chochote Mwaka 1968

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, alinionyesha insha yake ya fasihi iliyosahihishwa na kupewa alama nzuri. Ndani ya insha hiyo imeandikwa kwamba Shaaban Robert alitunga Utubora Mkulima mwaka 1968 ili kuitikia wito wa Azimio la Arusha, tamko la siasa ya Ujamaa lililokuwa limetangazwa mwaka mmoja kabla. Nilipomuuliza mwaka huo ameutoa wapi, alifungua simu akanionyesha makala katika kamusi elezo ya mtandaoni: orodha ya vitabu, kila kitabu na mwaka wake mmoja, bila neno lolote la maelezo. Shaaban Robert alifariki Juni 1962 na amezikwa Machui, kusini mwa mji wetu huu. Azimio la Arusha lilimkuta kaburini kwa zaidi ya miaka minne.

Kijana simlaumu. Amesoma alichowekewa, na kwa kuwa ana akili amejaribu kuunganisha tarehe na historia aliyofundishwa darasani. Utubora, mhusika mkuu wa kitabu hicho, anaacha kazi ya mshahara na kushika jembe, kitabu kimetajwa kuwa cha 1968, na 1968 ni zama za Ujamaa. Mtoto yeyote mwerevu angefikia hitimisho hilo hilo. Kosa ni la orodha inayochanganya mwaka wa kuchapishwa na mwaka wa kuandikwa, tena kuhusu mwandishi ambaye sehemu kubwa ya kazi zake ilitoka mitamboni baada ya yeye kuondoka duniani. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulichapishwa 1967. Kufikirika kilichapishwa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilichapishwa 1968. Msomaji asiyejua anaona mtu aliyekuwa hai, mwenye bidii, akiandika chini ya bendera ya taifa lake huru.

Sasa tazama madhara yake. Kufikirika kiliandikwa mwaka 1946. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Waingereza, na mwandishi alikuwa mwajiriwa wa serikali hiyo hiyo, mtu aliyeanza ukarani wa forodha mwaka 1926 na ambaye mkate wa watoto wake ulitoka mikononi mwa watawala. Mtu wa hali hiyo anapokaa usiku na kubuni nchi nzima yenye mfalme, watabiri, walimu na sheria zinazohojiwa, anafanya jambo linalohitaji moyo. Ukikihamishia kitabu hicho mwaka 1967 umemvua ushujaa wake, ukamfanya mshangiliaji wa mambo yaliyokwisha kutendeka. Ndiyo maana siwezi kukubali ninapoambiwa kwamba tarehe ni jambo dogo. Utenzi wa Vita vya Uhuru nao unahusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na uliandikwa wakati mizinga ingali inalia. Ukiuwekea 1967 peke yake, msomaji ataudhania kuwa ni habari za chama cha TANU na kupatikana kwa uhuru wa Tanganyika, na nimekutana na watu wazima wanaoamini hivyo kwa dhati.

Kusadikika kimesalimika kwa sababu kilitoka 1951, angali hai. Katika kitabu hicho Karama anasimama barazani kujitetea dhidi ya mashtaka ya Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria, na kila mwalimu anajua kuusoma utetezi huo kwa mwanga wa utawala wa kikoloni. Kwa nini Kufikirika kinyimwe mwanga huo huo, eti kwa sababu mchapishaji alichelewa?

Dawa ni nyepesi. Kila kazi ipewe miaka miwili, wa kuandikwa pale unapojulikana na wa kuchapishwa, na kila mwaka uwe na tanbihi inayomwambia msomaji ulikotolewa. Vyanzo vipo. Yapo maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, na zipo barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizohaririwa na mtaalamu wa fasihi M. M. Mulokozi na kuchapishwa mwaka 2002. Barua ina tarehe na ina mahali ilikoandikiwa; kwa mwandishi wa wasifu hakuna hazina inayoishinda. Mtu akiandika wasifu wa Shaaban Robert bila kuzigusa barua hizo, ameamua kuupita mlango uliokuwa wazi.

Yapo na mengine. Asiandikwe kuwa alizaliwa Tanzania, kwa kuwa mwaka 1909 nchi hii ilikuwa koloni la Wajerumani, na jina la Tanzania lilikuja baada ya Muungano wa 1964. Asiitwe Myao kisha basi. Asili ya ukoo wake ni huko, lakini mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili, na makala yaseme yote mawili. Siku ya kufariki kwake hutajwa na wengine kuwa tarehe 20 Juni na wengine 22. Zitajwe zote pamoja na vyanzo vyake, asichague mhariri kwa kupenda kwake.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wahariri wa kamusi elezo ni watu wa kujitolea, na kwamba kanuni yao ya kudai chanzo kilichochapishwa ina maana yake. Inaniuma kwamba kauli ya mzee wa Machui haipokelewi mpaka mtu aichapishe, maana wazee hao wanaondoka. Lakini bila kanuni hiyo kila mjukuu na kila chama kingemwandika marehemu kitakavyo. Kwa hiyo kazi ni yetu sisi wa Tanga: kuzirekodi kauli hizo, kuzichapisha katika jarida linaloheshimika, kisha kuzitaja. Shaaban Robert mwenyewe alitutangulia katika hilo. Alimwendea Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, kabla hajafariki mwaka 1950, akayapata maisha yake kutoka kinywani mwake, na wasifu ukachapishwa 1958.

Anayetaka kusahihisha asianze kwa kufuta. Mabadiliko yasiyo na tanbihi hurudishwa yalivyokuwa, na haki yao kuyarudisha. Aanze katika ukurasa wa majadiliano wa makala, aeleze kosa, ataje kitabu, ukurasa na mwaka wa toleo, awape wengine siku chache za kujibu, ndipo ahariri sentensi moja moja na kueleza sababu kila mara. Mimi nimekwisha weka hoja kuhusu Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru. Kwa Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote ninahitaji matoleo ya kwanza, hasa kurasa za mwanzo zenye dibaji na taarifa za mchapishaji, ambazo matoleo ya baadaye huziacha. Najua yapo makabatini katika nyumba za walimu wastaafu wa Chumbageni, Pangani na Muheza. Atakayeniruhusu kupiga picha kurasa hizo nitamfuata aliko, na kitabu hakitatoka nyumbani kwake.