Namba ya Bidhaa ni Ipi?

Kuna maneno mawili yakionekana kwenye mwaliko wa watafiti yananichefua: "kusambaza matokeo". Watu wanaitwa hotelini, bango linatundikwa, chai ya saa nne inanyweka, mgeni rasmi anasema serikali imeyapokea matokeo na itayafanyia kazi, picha ya pamoja, posho, kwaherini. Kilichosambazwa hasa ni mabegi yenye nembo ya mradi.

Chukueni utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa Mei 2023. Hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Swali lake lilitoka leba kabisa: mama anavuja damu, nani anajua imetoka kiasi gani? Mazoea ni kukadiria kwa macho. Damu nyingine imenywewa na kanga mbili, nyingine iko kwenye beseni imechanganyika na maji ya uzazi, nyingine imeshadekiwa. Hospitali zilizoendelea na mazoea hayo ziligundua takriban nusu tu ya waliokuwa wakitokwa damu kupita kiasi. Zilizopewa kifaa cha kupimia ziligundua asilimia 93. Na wanawake waliopoteza lita moja au zaidi, au kupasuliwa tumbo au kufa kwa sababu ya damu hiyo, walikuwa asilimia 4.3 upande wa mazoea na 1.6 upande wa pili.

Kifaa chenyewe hakina maajabu. Ni shuka la plastiki lenye mfuko unaoning'inia ukingoni mwa kitanda, na mistari ya mililita 300 na 500. Linatandikwa chini ya makalio mtoto akishatoka na maji yakishamwagika. Ukiwahi, utapima maji ukidhani ni damu. Saa nzima ya kwanza mkunga anaangalia kila dakika 15: mfuko, damu inavyotoka, ugumu wa tumbo la uzazi. Mapigo na presha navyo anavipima ndani ya saa hiyo. Damu ikigusa 500, au 300 huku mapigo yanakimbia au presha inashuka, yote yanaanza pamoja: kukanda tumbo la uzazi, oksitosini ya kulibana tumbo hilo, gramu 1 ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, kwenye mshipa kwa dakika 10, dripu, kumwaga mkojo, kutoa mabonge ya damu, kukagua kondo na michaniko. Nasema pamoja, maana tulizoea kujaribu kimoja, tukasubiri, tukajaribu cha pili, huku mama anazidi kupauka.

Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo lake, damu ipimwe na tiba zianze pamoja, Desemba mwaka huohuo. Miezi saba! Kwa hapo sina neno.

Neno langu liko kwa kinachofuata. Mkunga wa zamu ya usiku hafungui sera, anafungua kabati. Shuka hilo kama halina namba kwenye orodha ya bidhaa za Bohari ya Dawa, kituo cha afya hakiwezi kuliagiza huko hata kama akaunti ina hela. Kama halimo kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri, mwaka mpya wa fedha ukianza Julai mosi hakuna kifungu cha kulinunulia. Na hesabu yake ni ya darasa la tatu: shuka moja kwa mama mmoja, halirudiwi. Kituo kinachozalisha akina mama 90 kwa mwezi kinahitaji mashuka 90 na akiba juu yake. Mradi ulikuwa unayaleta kwa maboksi. Mradi ukifunga ofisi, boksi la mwisho likiisha, kanga inarudi kazini. Miaka miwili baadaye anakuja mtafiti mwingine, na dodoso, kuchunguza kwa nini wahudumu hawafuati mwongozo.

Dawa nayo ina mkasa wake. Utafiti wa WOMAN wa 2017, wanawake 20,000 na ushei, ulionyesha traneksamiki inaokoa ikitolewa ndani ya saa 3, na uchambuzi uliofuata, uliounganisha data zake na za utafiti mwingine, ukaonyesha kila dakika 15 za kuchelewa zinakula karibu sehemu ya kumi ya faida yake. Sasa iwekeni kwenye kabati la theatre, eti ni dawa ya upasuaji, ufunguo awe nao mtu aliyekwenda kula. Dakika 15 zimeshaliwa na kufuli! Kuihamishia kwenye trei ya leba hakuhitaji semina. Kunahitaji barua ya nusu ukurasa yenye saini.

Oksitosini iliyoshinda dirishani badala ya friji ya nyuzi 2 hadi 8 haitaokolewa na shuka lolote. Na mkunga mmoja mwenye akina mama watatu waliojifungua hawezi kuangalia kila dakika 15, tusidanganyane.

Haya, watafiti nawapa haki yao kidogo: si kazi yao kununua. Wizara nayo haiwezi kubadili orodha kwa kila makala inayochapishwa, na zipo nyingi zinazostahili kusubirishwa. Lakini msiniambie haiwezekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa TEHIP kule Rufiji na Morogoro Vijijini uliwapa wapangaji wa halmashauri picha rahisi: kinachoua watu hapa ni hiki, na hela yenu inakwenda huku. Waliiona wakati wakipanga bajeti, wakahamisha fedha, malaria ikapata fungu linalolingana na mzigo wake, na vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Rufiji, jamani, si Geneva.

Basi semina iitishwe kabla makadirio ya halmashauri hayajafungwa, si Mei bajeti ikiwa tayari iko Dodoma inajadiliwa. Wakae mfamasia, afisa manunuzi na mtu wa mipango, mgeni rasmi akipata nafasi naye aje. Na wewe uliyealikwa, kikifika kipindi cha maswali, uliza moja tu: namba ya bidhaa ni ipi? Wakianza kutazamana, chukua begi lako uondoke.